Kivuli cha Bisil

Kaluki alikuwa anaanika mashuka nyuma ya nyumba yake Kitengela alipoona kwamba hayatakauka. Kivuli cha mgunga mkubwa kilikuwa kimelala uani, kuanzia kamba ya nguo hadi kwenye tangi la maji. Mgunga wenyewe haukuwepo. Alihamisha mashuka karibu na geti, akaingia ndani kuteleka chai.

Kazi yake ilikuwa kuandika vitabu vya safari. Alikuwa amezunguka Kajiado yote, mara kwa miguu, mara juu ya malori ya ng'ombe, akiandika juu ya vilima, ndege na miti. Kitabu kipya, kwa alivyojua, kilikuwa bado hakijatoka, lakini Jumamosi gazeti lilikuwa limechapisha sura yake moja. Ilihusu mgunga wa soko la mifugo la Bisil, ambapo akina mama huuza maziwa kivulini. Watu waliipenda sana.

Mchana geti liligongwa. Alikuwa Nashipae, muuza maziwa wa Bisil. Siku ile ya safari ndiye aliyempa Kaluki kigoda chake, akakipangusa kwanza kwa leso, yeye akakaa chini.

"Takwenya, yeyo," Nashipae alimsalimia Kimaasai.

"Iko," Kaluki aliitikia. "Karibu mama."

Nashipae alienda moja kwa moja hadi kivulini, akavua viatu.

"Ni chetu," alisema.

"Nilikitambua. Ona lile tundu la jua, pale tawi lilivunjika."

"Mti uko, lakini jua linaupita tu. Maziwa inaharibika kabla ya saa nne. Shangazi yangu alianguka jana na hilo jua na mpaka saa hii hajaongea."

Kaluki alimletea chai kwenye kikombe kikubwa, kile cha mumewe marehemu.

"Ulipokisifu," Nashipae aliuliza, "ulitema mate?"

Kaluki aliijua mila hiyo. Mtu akisifu mtoto au ndama hutema mate kidogo, ili uzuri ubaki kwa mwenyewe. Nyanya yake alimfundisha hivyo akiwa mdogo, kule Ukambani.

"Niliandika kwa kompyuta," alisema.

"Si hata kompyuta iko na pembeni pa kutemea."

Kaluki alileta lile gazeti, akalitemea mate kidogo. Kivuli kilisogea kuelekea barabara ya Bisil, upana wa kiganja, kikasimama.

"Kuna magazeti mengine?"

"Liko nchi nzima."

"Basi tutahitaji mate mengi," Nashipae alisema, akanywa chai.

Kaluki hakucheka. Ndani ya kitabu kulikuwa na sura ya chemchemi ya Ewuaso Kedong. Binti wa Nashipae ameolewa huko, na ndiye aliyemshika Kaluki mkono kwenye mawe yanayoteleza, akamchotea maji ya kwanza kabla ya kujichotea yeye. Kaluki aliisifu chemchemi ile kuliko kitu chochote maishani mwake. Alimpigia simu Wahome, mchapishaji wake.

"Wahome, hicho kitabu kisitoke."

"Mum, kimeshatoka. Maduka yamefungua masanduku leo asubuhi. Hiyo sura ya maji, nilisoma nikaskia kiu."

"Ulitema mate?"

"Ati nini?"

Kaluki alikata simu. Nashipae alikuwa amesikia kila neno. Aliweka kikombe chini polepole.

Kaunti haikuwa imeleta maji tangu Pasaka, lakini tangi lilianza kunguruma. Lilijaa, likafurika, maji yakatiririka uani hadi miguuni pa Nashipae. Alichota kwa kiganja, akaonja.

"Ni ya kwa mtoto wangu," alisema.

Walijaza mtungi, Kaluki akambebea hadi stejini. Alimlipia nauli, akamfungia mtungi vizuri usimwagike. Aliporudi alikuta ujumbe wa Wahome: wasomaji wanauliza safari ijayo ni ya wapi.

Alifungua geti, akaliegemezea jiwe lisijifunge, ili wenye maji wakija waingie. Kutoka Ewuaso Kedong hadi pale, punda aliyebeba mitungi mitupu huchukua siku mbili.