Miaka Miwili na Shemeji

Foleni ilikuwa imelizunguka jengo lote la uhamiaji na sasa inajikanyaga yenyewe. Mayasa alisimama kando ya nguzo, nguo nyeupe za eda zikiokota vumbi la ukuta, akijitahidi asiguswe na mwanamume wa mbele wala wa nyuma. Haikuwezekana. Wa nyuma alikuwa anakula kuku wa kukaanga, na kila akimeza, pumzi ya mafuta ilimfikia Mayasa shingoni. Mlinzi alipita akisukuma watu mabegani kama anapanga mbuzi mnadani.

"Sogea, sogea. Huko kwenu hamkufundishwa kusimama?"

Eda ya Mayasa haikuwa imefika nusu. Alimwuliza sheikh kama anaruhusiwa kutoka, na sheikh akamjibu kwamba serikali ni dharura. Basi akatoka, bila wanja, bila manukato, macho chini.

Dirishani alimkuta karani mwanamke, kijana, kucha ndefu za zambarau zikigonga kompyuta.

"Mume?"

"Amefariki."

"Pole, Mama." Kucha hazikusimama. "Basi na kibali chako kimekufa. Uliandikwa chini yake. Wewe ni tegemezi."

"Yeye ndiye aliyenitegemea mimi," Mayasa alisema kwa Kiingereza chake cha dukani. "Nashona sare za shule, tuna duka mtaa wa Kensington. Mume wangu aliugua miaka miwili. Nyumba nimeibeba mimi."

"Kompyuta haijui nani alibeba nini."

"Tumesikia nchi za kusini zimekubaliana. Mtu wa nchi moja akae nchi nyingine, afanye kazi, aandikishwe ukaazi."

Karani akamtazama kwa mara ya kwanza, kwa huruma ya mtu anayemtazama mtoto.

"Eish, Mama. Hiyo ilisainiwa zamani. Haijaanza."

"Itaanza lini?"

"Nchi zikimaliza kukubali zilichokubaliana." Jirani yake wa dirisha la pili akacheka. "Sikiliza. Kama kuna mwanamume mwenye ukaazi, rudi naye. Kama hakuna, mwisho wa mwezi huu uwe umeondoka."

Nyumbani, Yasini alikuwa sebuleni. Mdogo huyu wa marehemu alikuwa na ukaazi wa kudumu tangu zamani, na miaka yote alilala chumba cha uani. Tangu matanga yaishe viatu vyake vilikuwa vikisogea, leo mlango wa nyuma, kesho koridoni. Leo Mayasa alivikuta vimepangwa mlango wa mbele. Koti lake lilining'inia kwenye msumari wa marehemu Mwadini.

Alimwambia yaliyomkuta. Yasini akakoroga chai, taratibu.

"Sasa shemeji, mimi si nipo?"

"Upo vipi?"

"Twende pamoja tukaandikishwe. Ni karatasi tu. Wallahi sikugusi."

"Posa ndani ya eda ni haramu, Yasini."

"Nani kaposa? Nimesema karatasi. Nimeshamgusia sheikh, amenyamaza." Akanywa kidogo. "Na mkataba wa duka tuuweke jina langu. Mwenye jengo hataki jina la maiti. Nipe funguo nikamwone."

Mayasa alitazama chumbani. Binti yake, Saida, alikuwa amelala kifudifudi juu ya daftari lake, anafanya hesabu huku ananong'ona Kizulu. Msichana huyo alizaliwa hapa. Tanga anaijua kwenye simu tu. Kiwanja cha Tanga kiliuzwa, pesa zikaishia kwenye dawa za baba yake. Wakirudi, watafikia barazani kwa watu, na cherehani zitabaki Kensington, na Yasini atabaki nazo.

Funguo zilikuwa mezani. Yasini alizichukua kabla hajajibiwa.

Wakala wa vibali ambaye Yasini alimpeleka kwake aliitwa Gaston, Mkongo wa Uvira, mwenye meza yake katikati ya jiji nje ya duka la kutoa fotokopi. Ghorofani juu yake palikuwa na kanisa, na watu walikuwa wanaimba mchana ule. Alifunua makaratasi ya Mayasa kwa kidole kilicholoweshwa mate.

"Mama Saida, ndoa mupya usifanye. Watasema mumeinunua. Lakini batu wenye kukaa pamoja miaka mbili kama bibi na bwana, ile inapita." Akaanza kuchambua. "Adresi, moja. Bili ya umeme, jina la Yasini. Karatasi ya shule ya mutoto, nani alisaini? Yasini. Bon. Yote inakubaliana, ni kama Mungu mwenyewe alipanga."

"Alisaini kwa sababu mume wangu alikuwa hawezi kusimama," Mayasa alisema. "Miaka miwili iliyopita mume wangu alikuwa hai. Alikuwa mle ndani, kitandani."

"Ile hatuandike."

"Itasomeka nini, sasa? Kwamba nilikuwa na shemeji yangu, mume wangu yuko chumba cha pili anakohoa?"

Gaston akashusha sauti kama anamfariji. "Mama, wafu hawapeleke malalamiko. Na hii serikali iko napenda karatasi kuliko mutu."

Yasini akacheka, kisha akaona uso wa Mayasa, akajifanya anakohoa.

Miaka miwili ile Mayasa aliijua. Ilikuwa na harufu ya Dettol na mkojo. Ilikuwa na mgongo wa Mwadini, uliokuwa ukigeuzwa usiku na mchana ili usioze, na kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na Mwadini akisema samahani, samahani mke wangu, mpaka aliposhindwa kusema. Uani, televisheni ya Yasini ilikuwa ikipiga kelele za mpira. Hakuna siku aliyokuja kushika upande mmoja wa shuka.

"Andika," Yasini alimwambia Gaston.

Gaston akaandika.

Kituo cha polisi, kaunta ya viapo, walipanga mstari tena. Yasini alianza. Aliinua mkono, akaapa haraka huku anatafuna bigijii, akasaini. Funguo za duka zilikuwa zimeshaning'inia kwenye mkanda wake. Polisi, mtu mzima mwenye mvi za ndevu, akaivuta karatasi ya Mayasa akaisoma kwa sauti moja, bila kuinua kichwa, watu wote wakisikia. Kwamba yeye, Mayasa, ameishi na mwanamume huyu kama mke na mume kwa muda usiopungua miaka miwili, nyumba moja, kitanda kimoja.

Mwanamke mmoja mwenye hijabu, huko nyuma kwenye mstari, akamtazama Mayasa, akatazama nguo nyeupe, akageuza uso.

"Umeelewa yaliyomo?" polisi aliuliza.

"Nimeelewa."

"Una pingamizi lolote la kula kiapo?"

Yasini alimkanyaga kidogo kwa ncha ya kiatu. Mayasa akafikiria daftari la hesabu la Saida.

"Hapana."

"Kiapo hiki unakiona kinaifunga dhamiri yako?"

Hilo hakulitegemea. Hakuna ofisi yoyote ya nchi hii iliyowahi kumwuliza juu ya dhamiri yake.

"Ndiyo," alisema. "Kinanifunga."

"Inua mkono wa kulia. Sema, naapa kwamba haya ni kweli, Mungu nisaidie."

Aliinua mkono. Alimtaja Mola wake moyoni, akangoja moyo utulie apate kusema, ama hili ama lile.

Polisi alitazama saa ya ukutani, akatazama mstari, akagonga muhuri.

"Anayefuata."

"Sijasema," Mayasa alisema.

"Tayari, Mama. Sharp. Anayefuata."

"Lakini sijaapa."

Yasini alikuwa ameshaichukua karatasi, anaupuliza wino ukauke. Mtu wa nyuma, aliyekuja kuapia simu yake iliyopotea, akaona nafasi, akapitisha mkono chini ya ule mkono wa Mayasa uliokuwa bado juu, akaweka karatasi yake kaunta.