Kuku wa Mstari wa Tisa

Mama Modeli alikuwa mtu wa kujiamini, na modeli yake ilikuwa imeirithi tabia hiyo. Ilikaa ndani ya kompyuta, ikiwa na kila tabaka la mwamba lililokuwa chini ya eneo la visima, na ilitabiri bila kusita mafuta yangeelekea wapi na maji yangeyafuata lini. Ilikuwa imetabiri kwamba kisima namba saba kingetoa mafuta matupu kwa miaka mingi. Kisima namba saba, ambacho hakikuwa na habari hizo, kilianza kutapika maji.

"Modeli yako inasema uongo kwa ufasaha mkubwa," Mkurugenzi alimwambia mbele ya ofisi nzima. "Nataka kuchimba kisima kipya. Ijumaa unionyeshe mahali, tena modeli iyaeleze yale maji ya namba saba. Ikishindwa, naifuta, na kazi inakwenda kwa washauri wa nje."

Kumfutia modeli yake kulikuwa sawa na kumnyang'anya mtoto mgongoni. Tumaini lake lilikuwa upimaji wa marudio. Miaka kadhaa kabla ya hapo, eneo lote lilikuwa limepimwa kwa gari zito la kutetemesha ardhi, huku vipokezi vilivyochomekwa udongoni kwa mistari, ambavyo mafundi waliviita masikio, vikisikiliza mwangwi uliorudi kutoka chini. Sasa upimaji uleule ulikuwa umerudiwa. Maji yanapochukua nafasi ya mafuta, mwangwi hubadilika. Kwa hiyo picha mbili zilizochorwa kutokana na mwangwi huo zikilinganishwa, kinachotofautiana ndicho kilichohama. Sharti ni kwamba kila sikio lirudi palepale lilipokuwa.

Kiongozi wa kikosi cha masikio alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyeishi nyumbani kwake na kula kwa niaba ya watu wawili.

Picha ya tofauti ilipofika, katikati yake palikuwa na doa kubwa jeusi. Mama Modeli akakunja mikono ya blauzi. Akaupanua mwamba huku, akaubana kule, ili modeli ilizae doa lile. Modeli ilitii kwa shingo upande: mafuta yakapanda mlima, maji yakapenya jiwe lisilo na tundu, na namba saba kikakauka kabisa.

Hapo ndipo alipotazama sehemu ya juu ya picha. Doa halikuanzia kwenye mafuta. Lilianzia karibu na uso wa ardhi, chini ya mstari wa tisa, likashuka kupitia matabaka ambayo hayakuwa yameguswa na kiumbe yeyote.

"Huku juu hakikuhama kitu," alijisemea. "Huku amehama mtu."

Jioni, mezani, hakungoja hata sahani zijae.

"Shemeji, masikio ya mstari wa tisa uliyachomeka wapi?"

Shemeji akatafuna polepole, ingawa mdomoni hamkuwa na kitu. "Palepale, shemeji yangu."

"Palepale wapi?"

"Palepale... jirani."

Mumewe akalisogeza jagi la maji mbali na mkono wa mkewe.

"Kulikuwa na kuku," shemeji akakiri. "Anaatamia. Amekaa juu ya alama yetu yenyewe."

"Kuku mmoja?"

"Kwa hesabu ni mmoja, lakini kwa ukali ni kikosi kizima. Hebu litazame hili goti!"

"Si ungehamisha sikio moja tu!"

"Mstari ungepinda! Nawe ninavyokujua, mstari ukipinda hatulali humu ndani. Nikauhamisha wote, ukanyooka kama rula."

Mumewe akashikwa na kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Na wewe nyamaza," akaambiwa.

Kesho yake wakaenda kuupima mstari wa tisa upya. Mkurugenzi naye alikuja, akitaka kumwona kwa macho yake ndege aliyeivuruga kampuni. Shemeji alimfunika kuku kwa koti, akamwinua pamoja na kiota na mayai juu ya sinia, kisha akatafuta mtu wa kumpakata. Mafundi wote walikuwa na kazi. Asiye na kazi alikuwa Mkurugenzi.

"Mpakate, mzee, ukae kwenye kiti hiki," alisema Mama Modeli. "Usikohoe wala usitikisike. Masikio haya husikia hata nyayo za mtu."

Gari likaanza kuitetemesha ardhi. Kuku akachomoza kichwa kwenye koti, akamkagua Mkurugenzi usoni, akamdonoa kidole gumba. Mkurugenzi akavimba mashavu. Akadonolewa tena, palepale, kwa usahihi ambao kikosi cha masikio kilipaswa kuuiga. Machozi yakamtiririka, lakini sauti haikutoka. Mafundi waliinamia vyombo vyao, mabega yao yakitetemeka kuliko ardhi.

Katika picha mpya doa lilikuwa limetoweka. Ukabaki mchirizi mwembamba, chini kabisa, ndani ya tabaka la mafuta peke yake, ukitoka upande wa maji na kuvuka ufa wa mwamba hadi kisima namba saba. Mama Modeli aliutambua ufa ule. Ni yeye aliyeuziba ndani ya modeli, akiwa na hakika kwamba haupitishi kitu. Akatazama mlangoni kama kuna mtu, kisha akaufungua. Modeli ikaanza upya tangu mwanzo, na ulipofika mwezi ambao kisima namba saba kilianza kutapika maji, nayo ikatapika.

"Kosa lilikuwamo, nami ndiye niliyelitia," alimwambia Mkurugenzi siku ya Ijumaa. "Ufa unapitisha maji. Kisima kipya kichimbwe hapa, mbali nao, ambako mafuta yamebaki."

Mkurugenzi akapagusa mahali hapo kwenye ramani. Kidole chake kilikuwa kimefungwa bandeji nene kama yai.

"Modeli ibaki," alisema. "Washauri waambieni nafasi imejaa." Kisha akamgeukia shemeji. "Upimaji mwingine ni lini?"

"Baada ya miaka mitatu, mzee."

"Vizuri. Nitakuwa likizo."