Kidole Gumba cha Dalmar

Jumamosi saa tatu asubuhi Saido alipeleka gari lake la umeme kwa Kullow, muuza matairi wa mtaa wa Saltley, huku ughaibuni, kubadilisha matairi yote manne na rimu zake. Kwenye kiti cha kushoto alikaa mumewe, Dalmar, aliyefariki Februari. Alikuwa amefunga mkanda, kwa sababu asipofunga gari hulia njia nzima.

Betri ya gari la umeme ni nzito, na inataka matairi ya kubeba uzito huo. Kullow alilijua hilo fika. Lakini alichukua matairi ya vigari vyepesi, akayabandika alama ya kijani ya umeme, akamuuzia Dalmar, ambaye aliona aibu kukagua mali ya mtu wa kwao Garissa. Moja likapasuka njiani Perry Barr, Dalmar akafa. Polisi waliandika kwamba dereva alikwenda kasi.

Siku ya mazishi, imamu alipoomba anayemdai marehemu amsamehe, Kullow alisimama safu ya mbele akatangaza kuwa yeye amemsamehe. Saido alimsikia kutoka upande wa wanawake. Msamaha ule ulimchoma kuliko kifo chenyewe, na tangu hapo hakutaka pole ya mtu. Alitaka Kullow naye akamwombe Dalmar msamaha.

"Dalmar, habari za huko?" Kullow aliuliza.

"Nzuri. Tumekuja kuchagua tairi."

Kullow akatoa matairi yenye alama ya kijani, yakiwa kwenye rimu, yamejaa upepo. "Hizi ndizo za gari ya umeme, walaal, ndugu yangu. Original kabisa."

Dalmar aliminya la kwanza kwa kidole gumba. Likashusha pumzi ndefu, likalala. Akaminya la pili, la tatu, kisha rafu nzima. Kullow alileta pampu akajaza upya, Dalmar akaminya tena. Saido alikaa kwenye kiti cha wateja akitazama jasho la Kullow. Alifurahi, na hakuona haya kufurahi.

"Nataka zile za gari yako," Saido alisema.

Gari la Kullow lilisimama mlangoni, la aina ileile, na matairi yake hayakubandikwa kitu. Kullow akayafungua. Alipokaza nati ya mwisho kwenye gari la Saido, aliuliza bila kuinua macho, "Dalmar, si umenisamehe?"

"Bado. Nabaki hapa."

Dalmar akavuta kigoda, akaketi kando ya rafu.

Mteja aliyefuata alikuwa Norbert, dereva wa teksi kutoka Bukavu. Saido alimweleza yote. Norbert alimsalimia marehemu, kisha akatikisa kichwa.

"Ni huyu Kullow alitupokea wakati tulifika hapa, mama. Nitakagua vitu vyake namna gani?"

Kullow alikuwa ameshawasha pampu. Alijaza haraka, na Dalmar alikuwa na vidole gumba viwili tu.

Saido aliendesha hadi nyumbani, Alum Rock. Matairi yalikwenda vizuri. Kiti cha kushoto mkanda haukufungwa, na gari halikulia.