Chini ya Lori la Chumvi

Lori la kijiji lilikatika breki kwenye mteremko wa kutoka Bombo. Athumani, dereva wake, akalielekeza kwenye ukingo wa udongo, likajikita humo na kusimama. Hakufa mtu. Lakini fundi aliyeitwa kutoka Same alipotambaa chini yake, alitoka na maganda ya kutu kiganja tele, akayamimina mbele ya wazee kama mtu anayemwaga pumba.

"Chumvi hiyo," alisema. "Bomba la breki limeliwa, na chesisi imeanza kuliwa. Huku chini hakujaoshwa hata siku moja."

Pale kijijini Bendera kila mtu alijua habari ya chumvi. Lori lilikuwa likienda pwani kuchukua chumvi ya mawe, ya watu na ya ng'ombe, na njia nzima magunia yalitoa majimaji yaliyopenya kati ya mbao na kudondokea chini. Ndiyo maana kijiji kilijiwekea utaratibu wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya Wapare: wanaume washushe mzigo, akina mama wachote maji ya mfereji waoshe lori, na likikauka walipake oili chafu kuzuia kutu. Kila mara Athumani alipokabidhi ndoo na brashi alisisitiza, "Mama zangu, chini! Juu ni vumbi tu. Adui yuko chini."

Nao walijibu, "Tumesikia, baba."

Kusikia walisikia. Ila lori lilioshewa mbele ya ofisi ya kijiji, na barazani pa ofisi wazee walikaa kutwa, na wazee hao ndio baba wakwe wa nusu ya waoshaji. Mke wa mtu, ambaye hata kupita mbele ya baba mkwe hupita amejitanda na kuinamisha uso, alale chali udongoni, miguu nje, kanga imepanda? Hakuna aliyelitamka hilo, maana hata kulitamka ni aibu. Waliosha ubavu, wakaosha vioo, wakapaka oili mpaka pale mkono ulipofika kwa kuinama kwa adabu. Basi. Lori liling'aa kama bibi harusi, huku tumbo likioza.

Rogathe alikuwa mmoja wa waoshaji, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Zebedayo, ndiye baba mkwe wake.

Jioni ile, kwenye darasa la watu wazima, Ziada alimpokea Rogathe mtoto wake mchanga kama kawaida ili apate kuandika. Ziada alikuwa mke wa Athumani. Walikuja Bendera wakitoka kwenye mashamba ya mkonge, na hawakuwa na ndugu kijijini.

"Kesho mkutano unampokonya Athumani ufunguo wa lori," Ziada alisema huku akimbembeleza mtoto. "Tutarudi kwenye mkonge, shoga. Wanasema hakuwasimamia. Hebu niambie, wewe si unaosha? Kweli chini hamkuwahi?"

Rogathe alitazama ubao. Mwalimu alikuwa ameandika sentensi kuhusu pamba. Aliinakili yote, kisha akainakili tena, na Ziada hakuuliza mara ya pili. Mtoto alikuwa amemlalia mwanamke huyo begani, ametulia kabisa, na hilo ndilo lililomchoma Rogathe kuliko swali lenyewe.

Kesho yake uwanja ulijaa.

"Ndugu Athumani," alianza Mzee Zebedayo, "ulikabidhiwa mali ya wote. Unasemaje?"

Athumani alisimama, kofia mkononi. Aliwatupia akina mama jicho moja, akaliondoa upesi. "Lori lilikuwa mikononi mwangu, Ndugu Mwenyekiti. Sina la kuongeza."

"Basi alete ufunguo!" mtu alipaza sauti.

Rogathe alijikuta amesimama. Dorkas, mwoshaji mwenzake, alimvuta kanga. "Kaa chini, wewe! Unataka kutuvua nguo?"

Hakukaa. Aligeuka ubavu ili asitazamane na mzee, akavuta kanga mpaka shavuni. "Ndugu Mwenyekiti..."

Kicheko kikalipuka. "Ndugu! Leo baba mkwe amekuwa ndugu!"

Tangu aolewe hakuwahi kumsemesha mzee huyu mbele za watu. "Dereva alitwambia tuoshe chini," alisema. "Kila mara alitwambia. Sisi ndio hatukuosha."

"Kwa nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Kule chini... mtu hafiki mpaka alale."

"Si alale!" mtu alidakia.

"Alale chali." Aliivuta kanga tena. "Na barazani mmekaa ninyi, baba zetu."

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja alianza kuchunguza fimbo yake kama hajawahi kuiona. Dorkas alikuwa amejifunika uso mzima. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa Rogathe alikohoa, na uwanja wote ukamsikia.

"Ufunguo ubaki kwa Athumani," alisema Mzee Zebedayo hatimaye, akiutazama mlima. "Na chini tutaosha sisi wanaume."

"Mwenyekiti, kwa migongo hii?" mzee mwenzake alilalama.

"Kwa migongo hiyo hiyo."

Safari ya chumvi iliyofuata, wazee waliingia chini ya lori kwa zamu, wakiguna na kulaumiana. Lilipokauka, Rogathe alikuja kukusanya ndoo akidhani wote wamekwenda kula. Akakuta miguu miwili imechomoza kati ya magurudumu, suruali imekunjwa mpaka magotini. Aliijua miguu ile. Akageuka haraka, akampa lori mgongo.

"Nani yuko hapo?" sauti ilitoka chini. "Nisogezee oili."

Hakukuwa na mtu mwingine uwanjani. Rogathe alipiga magoti akiwa bado amegeuka, akalipeleka kopo la oili nyuma yake kwa kupapasa, mpaka mkono mwingine ukalipokea.

"Nani wewe?"

Kimya chake kikamjibia.

"Aa," alisema Mzee Zebedayo taratibu. Miguu ilijaribu kurudi ndani, ikashindwa. "Asante, mama. Nenda tu." Kisha akakohoa. "Ila brashi nayo nimeiacha huko mbele."

Rogathe akaifuata brashi, kinyumenyume.