Betri ya Ochirkhuyag

Kaka yangu Ochirkhuyag aliondoka tarehe tisa mwezi wa tatu, asubuhi, juu ya farasi, kwa sababu pikipiki ilikataa kuwaka. Alipiga kiki mpaka kofia ikalowa jasho. Paneli ya sola ilipaswa kuwa kwenye betri ya pikipiki. Jana yake nilikuwa nimeihamishia kwenye betri ya televisheni, nikatazama tamthilia ya Kikorea hadi mwisho, nikasahau kuirudisha.

"Wale Wakorea wako wameshaoana?" aliniuliza.

"Bado."

"Wakioana wanialike. Nitakuja na farasi, kama babu."

Alikwenda kuwafuata farasi wetu waliokuwa wamevuka kilima. Adhuhuri dhoruba ya theluji ikashuka, ikakaa siku tatu. Farasi wake alirudi na tandiko tupu. Wanaume wa bonde zima walimtafuta, hawakumwona.

Mama hakulia. Aliichukua paneli akaifunga kwenye pikipiki, nyaya akazikaza mwenyewe.

"Ochirkhuyag akija, aikute inawaka."

Kila asubuhi, kabla ya kuchemsha chai, aliifuta paneli theluji kwa mkono wa joho lake, kisha akawasha swichi. Kataa kadogo ka kijani karibu na usukani kakiwaka, ndipo chai inachemshwa. Hemani mwetu hatukuwa tena na taa wala televisheni. Sikulalamika.

Kiangazi kikaja, na jua refu. Paneli yetu ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja, bila kile kisanduku cha kuzuia chaji isizidi. Kaka alizoea kuichomoa mwenyewe ikifika adhuhuri. Mama hakukubali ichomolewe hata kidogo. Betri ikawa ya moto, ikanuka kama mayai viza, maji yake yakakauka.

Mama akapanda farasi, akaenda mwendo wa siku nzima hadi kwenye chemchemi takatifu, ile ambayo watu hunywa maji yake kwa ajili ya tumbo na kuoshea macho. Akarudi na dumu limejaa.

"Maji haya yaliponya figo za baba yako," alisema. "Fungua vifuniko."

Kaka alikuwa amenifundisha kwamba betri hupewa maji yaliyosafishwa kwa mvuke tu. Maji ya chemchemi yana chumvi na chuma, huiua. Nilijua. Nikafungua vifuniko vyote sita, nikamshikia faneli. Nilikuwa nimechoka kukangojea kale kataa kila asubuhi.

Siku ya nne kataa hakakuwaka. Mjomba Luvsandorj, mdogo wake Mama, alikuja na kipimo chake cha umeme, akagusa huku na huku.

"Dada, imekufa."

"Iongeze maji."

"Dada yangu, hii hata ukiinywesha maziwa ya farasi haiamki."

Mjomba alicheka peke yake, akarudisha kipimo mfukoni. Mama alikaa chini kando ya gurudumu mpaka kondoo wakarudi. Nilisimama karibu naye. Nilitaka kumwambia habari ya maji, na ile ya televisheni. Nikaenda kukamua.

Usiku huo aliniambia niichomoe paneli, niiunganishe na taa ya hema.

Kwetu jina la aliyekufa halitamkwi. Tangu siku ile Mama hajalitamka jina la Ochirkhuyag. Akitaka kumtaja, husema "kaka yako".