Kasoro ya Mstari wa Kumi na Tisa

Saa moja asubuhi, mtafiti wa mbegu alipiga magoti shambani, kipimapembe mkononi, akapima jinsi mstari wa kumi na tisa ulivyoinama. Nyuzi thelathini na mbili. Aliandika kwenye daftari lenye madoa ya chai.

Ilikuwa ngano nyeusi, ambayo si ngano hata kidogo: mmea wa shina jekundu na mbegu za pembe tatu. Kwa miaka kumi na mmoja mtafiti alikuwa akiichavusha kwa brashi, ua moja hadi jingine, akisaka mbegu yenye protini nyingi. Sasa alikuwa ameipata, katika mstari huo wa kumi na tisa. Watu wa maabara walirudia kipimo mara tatu wakidhani mashine imechanganyikiwa.

Kasoro ilikuwa moja. Mstari huo uliwainamia wenye njaa.

Alipopita Mama Pacha, kibarua wa palizi, mashina yalimfuata mpaka mwisho wa shamba. Alipopita mkurugenzi wa kituo, ambaye kitambi chake hufika ofisini kabla yake, hayakutikisika. Vibarua walishazoea. Waliyasukuma kwa kiwiko kama mbuzi wasumbufu, wakaendelea kupalilia.

Mtafiti ndiye aliyeshindwa kuzoea. Miaka yote alipima chakula cha kila mmea, na hakuwahi kumuuliza yule mama amekula nini. Siku alipomuuliza, Mama Pacha alijibu kwamba alikunywa chai ya rangi, jana. Mtafiti aliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Fomu ya ukaguzi wa mbegu mpya haikuwa na nafasi ya njaa. Ilikuwa na nafasi ya kulala, yaani mmea kuanguka kabla ya kuvunwa, na mbegu inayolala haipitishwi. Mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alishauri vibarua wabaki makwao siku ya wakaguzi. Mtafiti akaomba wapewe mbegu hizo wakapike.

"Wakishiba, itasimama yenyewe," alisema.

"Hiyo ni mbegu ya utafiti, dokta," mkurugenzi akajibu kwa upole. "Si chakula."

Wakaguzi walikuja wakiwa wamekunywa chai nzito, ya maziwa na maandazi. Mstari ulisimama wima mbele yao, mmea kwa mmea. Ulipita kwa alama za juu, na mavuno yake yote yakapangiwa soko la mbali, kwa watu wanaojinyima chakula ili wapungue unene. Mtafiti alipongezwa kwa makofi. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kupeana mikono.

Kesho yake Mama Pacha alirudi na jembe lake. Mashina yakamwinamia, yakamfunika miguu hata asiyaone magugu. Alichuchumaa akayainua taratibu, moja baada ya jingine.

"Simama, mwanangu," aliuambia mmea mmoja. "Wakikuona hivi watakung'oa."

Mmea ulisimama, mpaka alipouachia.