Nyasi ya Mama Perez

Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo hata mchungaji wetu analijua. Lakini siku niliyokwenda ofisi ya vibali vya mabango nilikuwa nimejikaza niwe mpole. Nilivaa viatu vya kanisani. Nilikuwa nimetumwa na mama, na kwa mama mimi hunywea.

Mama yangu ni Perez Ogola, yule aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, pale Kisian, kando ya barabara ya Busia. Omena yake ilitoka Usenge, ikatusomesha sote. Yeye mwenyewe hakusoma mpaka alipokuwa na wajukuu, ndipo akaingia ngumbaru pamoja na wazee wenzake. Alipozijua herufi, tulikoma. Alisoma pakiti ya chumvi, akasoma kalenda ukutani, akasoma maandishi kwenye fulana za watu waliosimama kununua omena, na akiona neno baya anamkatalia mtu samaki.

Halafu ikaja presha ya macho. Daktari alisema dawa itapunguza mwendo tu, lakini kilichokwenda hakirudi. Biblia ndiyo ya kwanza kumponyoka. Wanawake wa kanisani wakaamua kumfanyia sherehe ya shukrani nyumbani, wakamuuliza anataka zawadi gani. Akasema hataki kitenge wala blanketi. Anataka bango barabarani, pale alipokuwa akiketi na beseni lake, liandikwe jina lake.

"Ninyi mnangoja mtu afe ndiyo mumwandikie bango," alituambia. "Mimi nataka kujisomea langu. Herufi ndogo zimenikimbia, lakini zile kubwa bado naziona."

Tena alitaka liwe na kibali, lenye muhuri. Alikuwa ameona askari wakiling'oa bango la mkutano wa injili na kulitupa kwenye lori. Alisema jina lake halitabebwa hivyo.

Ofisini nilimkuta Bwana Wepukhulu, Mbukusu mpole, aliyehamishiwa Kisumu juzijuzi tu. Alinikaribisha vizuri, akaweka vidole kwenye kompyuta.

"Bango la nini, mama?"

"La nyasi," nikasema.

Akaandika. Nami nikashukuru, nikatoka nikijisifu kwamba leo sikugombana na mtu.

Sasa wewe msomaji labda umeshaelewa. Kwetu Wajaluo, nyasi ni sherehe, karamu ya watu kula na kufurahi. Kwa Kiswahili nyasi ni majani ya ng'ombe. Unafikiri sikujua? Nimefyeka nyasi shuleni hadi mikono ikatoka malengelenge. Lakini nyumbani siku hizo hatukuwa na neno jingine mdomoni: nyasi ya mama, nyasi itakuwa lini, nyasi itapikwa nini. Lilinitoka tu, na mtu yeyote wa Kisumu angelisikia asishtuke. Wepukhulu hakuwa mtu wa Kisumu.

Baada ya siku kadhaa akanipigia simu. Nilikuwa kazini Milimani, ninakopika, na mafuta yalikuwa motoni.

"Mama, hiyo nyasi yenu iko wapi?"

"Kisian, nyumbani kwa mama."

"Ni kubwa?"

"Kubwa sana. Tumealika hadi watu wa Usenge."

Nikasikia akiandika. "Na mtakata lini?"

Nikadhani anauliza keki. "Jumamosi, baada ya maombi."

"Haya," akasema. "Mungu awabariki." Baadaye aliniambia alidhani sisi ni dhehebu linaloombea kila kitu.

Tukangoja. Nikipiga simu naambiwa faili liko kwa wenzao wa kilimo, wanakagua. Kilimo! Hapo ndipo ningeuliza bango la mama linahusiana vipi na kilimo. Badala yake nilifoka kwamba serikali hii ina vijiofisi vingi kuliko watu, nikakata simu. Ningenyamaza nikasikiliza nusu dakika tu, mambo yangenyooka. Mdomo wangu huu.

Jumamosi yetu ilipokaribia, wanawake wa kanisani walitaka tuendelee bila bango. Mama akakataa. Sherehe ikasogezwa mbele, kisha ikasogezwa tena.

Siku moja alinipigia akiwa na furaha. "Nyathina, mwanangu, mtu wa serikali amekuja leo. Kijana mzuri, amevaa gambuti. Ameuliza, mama, nyasi iko wapi? Nikamwambia nyasi tunawangoja ninyi. Ameuangalia ua wote, akaandika, akaenda."

Nami nikafurahi, jamani. Nikadhani wanahakikisha kama kweli kuna shughuli. Nikamwambia mama kibali kimekaribia.

Ua wa mama hufagiliwa kila asubuhi hadi unang'aa. Yule kijana wa gambuti hakuona hata jani moja la kumpa mbuzi. Aliandika kwamba mwombaji hana nyasi ya kuuza, na ombi likawekwa kando.

Nilipokwenda Kisian Jumapili iliyofuata, mama alinimiminia chai. Akaimimina mezani, kando ya kikombe, huku akiniuliza habari za Milimani. Nilisogeza kikombe haraka kabla hajajua, lakini moto wa chai ulimfikia gotini. Akaliweka birika chini polepole. "Asubuhi hii kumekuwa na giza kidogo," akasema. Nje jua lilikuwa limewaka kote.

Kesho yake nilikwenda ofisini bila viatu vya kanisani. Nilimwambia Wepukhulu yote niliyokuwa nimeyabana: kwamba mama yangu anapofuka wao wakikalia bango lake, kwamba nyasi yenyewe imeahirishwa hadi watu wamechoka kuuliza. Watu kwenye benchi waligeuka kututazama.

"Lakini mama," akasema, "mkaguzi alifika. Nyasi hakuna."

"Itakuwepo vipi na hamjatoa kibali?"

"Nyasi inahitaji kibali kuota?"

Mzee mmoja kwenye benchi akaanza kucheka, akamweleza kwamba kwa Kijaluo nyasi ni sherehe. Wepukhulu akaweka mkono mdomoni. Nilitaka kumrarua, lakini nilimwona macho yamemlenga machozi, hasira ikaniishia hapohapo, nikabaki na uchungu mtupu. Angenikosea yeye ningepata wa kumlaumu. Sherehe. Neno ninalolijua tangu darasa la kwanza, na siku hiyo moja halikunijia.

Alinitolea kibali kabla sijainuka kitini. Fundi akachapisha bango siku hiyohiyo, herufi nyekundu zenye urefu wa mkono: TUNAMSHUKURU MUNGU KWA AJILI YA MAMA PEREZ OGOLA.

Nililipeleka Kisian kwanza, kabla ya kwenda kulifunga barabarani. Mama alikuwa ameketi mlangoni, uso kaugeuzia mahali nisipokuwapo. Nikamwambia limefika, lina muhuri, hakuna askari wa kuligusa. Akasema nimtandazie mapajani.

Akaanza kulipapasa. Alipitisha kiganja juu ya neno MUNGU, akapita juu ya jina lake, akalirudia, akalipita tena. Kitambaa cha bango ni laini, wino hauna mwinuko. Nilitaka kumshika kidole nimwonyeshe, lakini yeye alitaka kujisomea.

Kidole kikafika pembeni kabisa, kwenye kile kipete cha chuma ambamo kamba hupita. Kikasimama. Akakizungusha ndani ya kipete taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, na uso wake ukafunguka.

"Hii ni O," akasema. "Hii ni O ya Ogola."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni hiyo."